Mzee alikataliwa fidia ya Hanford mwaka 2008, je bado kuna njia?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa huku Kennewick jimbo la Washington, mume wangu Mmarekani. Tunakaa na baba yake ana miaka 75, alikua fundi bomba Hanford toka 1978 mpaka 1991, baada ya hapo akawa anapiga kazi za ufundi mitaani. 2005 akakutwa na kansa ya utumbo mpana, akapasuliwa akawekewa mfuko, toka siku hiyo hajafanya kazi tena. 2006 wakaomba fidia ya serikali, 2008 ikaja barua kwamba uwezekano wa kansa kuletwa na mionzi ya kazini ni asilimia 31 kwaiyo hapewi kitu. Mama mkwe alishafariki. Sasa hivi kifua kinambana, anatembea na mtungi wa oksijeni na mimi ndo namuuguza. Mume wangu anasema kesi ilishaisha zamani. Kuna wakili anasema atajaribu ila anataka asilimia 30. Je kuna cha kufanya? Na mzee akituondoka, sisi tunapata?

JIBU:

Marahaba dada, na pole sana kwa kuuguza, najua kuuguza mkwe ugenini ni kazi ambayo hakuna anaeiona. Nikujibu moja kwa moja kwanza: kesi haijaisha. Kwa haya uliyoniandikia, kama tarehe zako ziko sawa, mzee anaidai serikali ya Marekani hela ndefu tu na amekua akiidai kwa miaka mingi bila kujua. Na huyo wakili wa asilimia 30 mwambieni ahsante, ntakuja kwake huko chini.

Kwa wasomaji wengine ambao hawaijui Hanford, ni eneo kubwa kusini mashariki mwa jimbo la Washington, pembeni ya mto Columbia, serikali ililichukua 1943 ili itengeneze plutonium ya mabomu. Bomu lililopigwa Nagasaki plutonium yake ilitoka hapo. (Na sehemu kubwa ya uranium ya mwanzo kabisa ya mradi ule ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu wetu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe. Nimeshaulizwa sana na ndugu wa Lubumbashi kama wajukuu wa wachimbaji wale wanaweza kudai kwa sheria hii ya fidia ya Marekani. Hawawezi, sheria inataja vituo na kazi za Marekani tu, Katanga haimo. Naliona ni jambo la aibu lakini ndivyo lilivyo, nisimpe mtu matumaini ya uongo.)

Sheria yenyewe inaitwa kwa kifupi EEOICPA, ilipitishwa mwaka 2000 wakati wa Clinton na ikaanza kazi 2001. Kabla ya hapo mfanyakazi wa viwanda vya nyuklia akiumwa alikua anapambana na makampuni yanayolipiwa mawakili na serikali hiyo hiyo, unadai kansa wao wanaleta wataalamu kumi kusema ni sigara zako. Sheria ina vipande viwili na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, ukielewa hivi viwili umeelewa nusu ya mambo.

Sehemu B ni hela ya mkupuo, dola 150,000, kwa kansa iliyoletwa na mionzi, kwa ugonjwa wa berili (ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la madini ya berili), na kwa silikosisi (mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe) kwa baadhi ya waliochimba mahandaki ya majaribio ya mabomu kule Nevada na Alaska. Inakuja na matibabu ya ugonjwa huo uliokubaliwa. Sehemu E iliongezwa 2004, hiyo ni kwa wafanyakazi wa makandarasi wa Wizara ya Nishati waliougua ugonjwa wowote kutokana na sumu yoyote ya kazini, iwe kemikali, vumbi, moshi, mionzi, na yenyewe hailipi mkupuo mmoja, inalipa kwa kiasi mwili ulivyoharibika na kwa mishahara uliyoikosa, mwisho wake dola 250,000. Ukijumlisha zote mbili mtu mmoja anaweza kufika 400,000. Na hela hii haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu.

Sasa tuje kwenye ile asilimia 31, maana hapo ndo pana utamu wote.

Mtu akiomba kwa ajili ya kansa, Wizara ya Kazi inafanya kazi mbili kwanza: inathibitisha kweli ulifanya kazi kituoni, alafu inathibitisha kweli una kansa. Vikikamilika hivyo viwili ndo faili linapelekwa NIOSH, ile taasisi ya utafiti wa afya kazini, wao wanakaa na kumbukumbu za beji zako za kupimia mionzi, vipimo vya mkojo, eksirei ulizopigwa kazini, wanakadiria ulikula dozi kiasi gani, wakirudisha dozi hiyo kompyuta inatoa asilimia ya uwezekano. Ikifika 50 unalipwa, ikiwa 49.9 hulipwi. Sheria inaagiza makadirio yaegemee upande wa mfanyakazi, wanachukua ukingo wa juu kabisa wa hesabu, lakini hata hivyo wengi wanaangukia 20, 31, 44.

Umeona nimesema nini hapo? Kama mzee alipewa asilimia 31 maana yake faili lilifika NIOSH. Na kama lilifika NIOSH maana yake Wizara ya Kazi ilishakubali ajira yake na ilishakubali kansa yake. Ile barua ya 2008 mliyoitunza kwa uchungu ndani yake ina ushahidi wenu mkubwa, ifungueni muisome upya, mtafute pale walipoandika tarehe za ajira walizozithibitisha na tarehe ya kansa kugundulika. Kuna familia huwa zinaanza kuhangaika kutafuta ripoti za hospitali iliyofungwa miaka kumi iliyopita wakati karatasi hizo ziko kwenye faili lao wenyewe la zamani. Andikeni kuomba nakala ya faili zima, ni haki ya mdai na haina malipo.

Alafu baada ya 2008 kukatokea jambo. Kuna vipindi ambavyo kumbukumbu za mionzi ni mbovu kiasi kwamba hata NIOSH wenyewe wanakiri hawawezi kukadiria dozi ya mtu kwa haki. Hapo sheria ina mlango mwingine, kundi maalumu linaloitwa SEC. Ukiwa ndani ya kundi hilo hakuna kukadiria, hakuna asilimia, hakuna kompyuta. Unatakiwa vitu viwili tu: siku za kazi zisizopungua 250 ndani ya kipindi kilichotajwa, na uwe na moja ya kansa 22 zilizoorodheshwa. Kwa Hanford, wafanyakazi wote wa kituo, wa Wizara ya Nishati, wa makandarasi na wa makandarasi wadogo, waliofanya kazi kati ya Julai 1972 na mwisho wa Desemba 1983 waliingizwa kwenye kundi hilo, na iliamuliwa miaka kadhaa baada ya nyie kukataliwa. Mzee kaanza 1978. Hata tukihesabu toka katikati ya 1978 mpaka mwisho wa 1983 ni miaka mitano na ushee, siku 250 anazipita mara nne. Kansa ya utumbo mpana imo kwenye ile orodha. Sharti lake ni iwe imejitokeza angalau miaka mitano baada ya kuanza kukutana na mionzi, yeye imejitokeza baada ya miaka 27.

Yaani kwa hesabu hizo ile 31 haina kazi tena. Ingekua ni kansa ya tezi dume au ya ngozi ningekupa jibu jingine kabisa, hizo hazimo kwenye orodha na wangerudi kwenye asilimia zao, na hapo ndo utaona wazee wawili waliokaa meza moja ya kula kazini, mmoja kalipwa mwingine hajalipwa, tofauti yao ni kiungo gani kilishikwa.

Utauliza mbona serikali haikutuambia. Kundi jipya likiongezwa Wizara huwa inapitia mafaili ya zamani yaliyokataliwa na kuandikia watu, ila barua inakwenda kwenye anuani iliyoko kwenye faili. Watu wamehama, wamekufa, au barua imefika mtu akaona nembo ya wizara akasema hawa si walishaninyima, akatupa. Muulizeni mzee taratibu bila kumlaumu, huenda iko kwenye boksi mahali.

Cha kufanya ni kuomba faili lifunguliwe upya. Hakuna fomu maalumu ya hilo na hakuna muda wa mwisho, ni barua ya kawaida ya ukurasa mmoja anaisaini mzee mwenyewe. Mnaandika jina lake na namba ya faili iliyoko kwenye barua ya 2008, mnasema anaomba uamuzi ule wa mwisho ufunguliwe kwa sababu baada ya uamuzi huo Hanford imeongezewa kundi maalumu la 1972 mpaka 1983, mnataja alikua fundi bomba toka mwezi fulani 1978, mnataja kampuni iliyokua inamlipa, mnataja kansa ya utumbo mpana na tarehe iliyogundulika. Basi. Msianze kusimulia maisha yote ya mzee kwenye barua hiyo, ofisa anaesoma anataka aone tarehe na neno kansa ya utumbo mpana kwenye aya ya kwanza. Madai ya Hanford yanashughulikiwa na ofisi ya Seattle, na hapo hapo kwenu Tri-Cities kuna kituo cha Wizara ya Kazi kinachosaidia watu kujaza na kutuma madai bure, nendeni nae au wapigieni kama hawezi kutoka.

Kama wakisema ajira yake ya mwaka fulani haionekani, hasa kama alikua analipwa na mkandarasi mdogo na sio kampuni kubwa ya kituo, usikate tamaa, hilo ni tatizo la karibu mafundi wote wa ujenzi. Kumbukumbu za michango ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) zinaonyesha nani alimlipa kila mwaka, chama chake cha mafundi bomba kinaweza kuwa na karatasi za kumpangia kazi, na wenzake waliofanya nae wanaweza kusaini hati ya kiapo. Ila narudia, kwa upande wenu naamini hilo lilishamalizwa 2008.

Sasa hela. Sehemu B ikikubali ni 150,000 za mkupuo. Alafu kwa kuwa alikua wa mkandarasi wa Wizara ya Nishati, kansa iliyokubaliwa Sehemu B inachukuliwa imekubaliwa na Sehemu E pia, hana haja ya kuthibitisha tena chanzo. Lakini, na hapa watu wanaachia hela mezani kila siku, malipo ya Sehemu E hayaji yenyewe, lazima uyadai. Wanakulipa 150,000 wanakutumia na kadi ya matibabu, familia inafanya sherehe, kumbe kuna nyingine imelala pale inasubiri mtu aandike.

Ya kwanza ni uharibifu wa mwili. Daktari aliefuzu anampima kwa kutumia kitabu cha vipimo cha chama cha madaktari wa Marekani, toleo la tano, anatoa asilimia ya mwili mzima, na kila asilimia moja ni dola 2,500. Mtu anaeishi na mfuko wa choo tumboni miaka yote hii ana asilimia zake, na magonjwa mengine yakikubaliwa yanaunganishwa humo. Mfano tu, sisemi mzee atapata hivyo, asilimia 40 ni dola 100,000. Na baada ya miaka miwili kama hali imezidi unaruhusiwa kuomba apimwe tena. Daktari unaweza kutafuta wenu au mkaiambia Wizara itumie daktari wake kusoma faili, mimi siku zote naona bora daktari anaemgusa mgonjwa kwa mikono kuliko anaesoma karatasi akiwa jimbo jingine.

Ya pili ni mishahara. Umesema toka upasuaji wa 2005 hajafanya kazi tena, sentensi hiyo moja ina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Kila mwaka ambao mapato yake yalishuka chini ya nusu ya yale ya kabla ya ugonjwa, sababu ikiwa ni ugonjwa huo, analipwa 15,000. Kama yalikua kati ya nusu na robo tatu ni 10,000. Inahesabiwa mpaka umri wake wa kawaida wa kustaafu kwa Social Security, ambao kwa mtu wa rika lake ni miaka 66. Alikua na miaka kama 55 alipougua, kwaiyo ni miaka 11 hivi, mara 15,000, ni 165,000. Ukiweka na ule mfano wangu wa uharibifu wa mwili inapita 250,000, na hapo ndo inakatwa kwenye 250,000. Kinachotakiwa ni taarifa za mapato yake ya nyuma na karatasi ya daktari ya wakati ule inayosema aliacha kazi kwa sababu ya kansa. Sio kwa sababu alichoka, sio kwa sababu kampuni ilifungwa. Hiyo karatasi ya daktari ndo inayosumbua watu, itafuteni mapema, na kama aliwahi kupewa malipo ya ulemavu ya Social Security faili lake la huko huwa lina karatasi nzuri sana za kipindi hicho.

Na matibabu. Matibabu yanahesabiwa kuanzia tarehe alipoomba, kwaiyo dai la kansa likifunguliwa na kukubaliwa tarehe inarudi 2006. Kila hela aliyolipa mfukoni kwa ajili ya kansa hiyo, mifuko, dawa, hata petroli ya kwenda kwa daktari, inaweza kudaiwa irudishwe mkiwa na risiti. Pia yale magonjwa yaliyozaliwa na ugonjwa, mfano henia kwenye kovu la upasuaji, ganzi ya miguu kutokana na dawa za kansa, sonona, nayo yanadaiwa kwa barua ya daktari inayoyaunganisha.

Tuje kifua, ambacho ndo kinamuuma leo.

Kifua ni dai jipya, hapo mnajaza fomu EE-1 ya mfanyakazi, na mjaze wiki hii hii hata kama hamna karatasi moja ya daktari, kwa sababu kama nilivyosema matibabu yanaanza kuhesabiwa siku ombi linapoingia. Kila mwezi mnaosubiri mpate ripoti nzuri ni mwezi wa oksijeni mnaoulipia wenyewe.

Fundi bomba wa miaka ya 70 na 80 alikua anakata mabomba yaliyofungwa asbesto, anavuta moshi wa kuchomelea vyuma, anatoboa zege. Wizara ina hifadhidata yake ya sumu ambayo iko wazi mtandaoni, inaorodhesha kituo kwa kituo, jengo kwa jengo, fani kwa fani, ni sumu zipi zilikuwepo. Ofisa wako ataitumia hiyo kuamua. Kwaiyo mzee akisema tu "nilikua Hanford" hakusaidii, akitaja majengo na maeneo yenyewe ya Hanford, nilikua fundi bomba N Reactor, alafu PUREX, alafu kwenye matangi ya taka ya 200 East, hapo sumu zinatoka zenyewe kwenye hifadhidata. Kaa nae mezani siku akiwa na nguvu, chukua daftari, muache aongee, nani alikua bosi wake, walikua wanavaa nini, vumbi lilikua linaonekana kwenye mwanga au hapana, alikula wapi chakula cha mchana. Wazee hawa wamezoea kukaa kimya, waliapishwa wasiseme kazi zao hata kwa wake zao na wengine mpaka leo wanaogopa. Mwambie kabisa serikali yenyewe ndo inamuuliza, anaruhusiwa.

Alafu barua ya daktari. Daktari wa kawaida akiombwa ataandika mstari mmoja, mgonjwa ana ugonjwa sugu wa mapafu, inawezekana ni kazi. Hiyo barua ni sawa na hakuna. Kipimo cha Sehemu E ni kwamba kuna uwezekano wa nusu kwa nusu au zaidi kuwa sumu za kazini zilikua sababu ya maana katika kuleta, kuchangia au kuzidisha ugonjwa. Daktari lazima atumie maneno ya kipimo hicho kama yalivyo kwenye sheria, ataje sumu kwa majina, ataje miaka, alafu aeleze kwa nini anafikiri hivyo. Mpelekee barua ya ajira na zile sumu mlizozitoa kwenye hifadhidata, msimuache abuni. Na soma lile neno la mwisho, kuzidisha. Kama mzee alikua mvutaji sigara msifiche, wala msikate tamaa, asbesto na moshi wa vyuma vikizidisha kifua cha mvutaji bado sheria inamlipa.

Pia Wizara ya Nishati ina uchunguzi wa afya wa bure kwa wafanyakazi wake wote wa zamani wakiwemo mafundi wa ujenzi, wanapima mapafu, eksirei inasomwa na mtu aliesomea vumbi la kazini, na damu inapimwa kama mwili umeshaanza kuchukia berili. Hicho kipimo cha berili kifanyeni. Ugonjwa wa berili unafanana na magonjwa mengine ya mapafu na madaktari wa mtaani huwa wanaukosea. Sehemu B hailipi 150,000 mara mbili kwa mtu mmoja, lakini ugonjwa ukikubaliwa matibabu yake yanaingia, na asilimia za mwili zinaongezeka.

Wakili. Sheria imeweka ukomo wa anachoweza kuchukua: asilimia 2 ya malipo kwa kufungua dai, na asilimia 10 kama anapinga mapendekezo ya kukataliwa. Thelathini ni kinyume cha sheria, na kuna faini kwa anaetoza zaidi. Sisemi mawakili wote wabaya, likikataliwa dai gumu la Sehemu E wakili mzuri ana kazi yake, lakini kwa barua ya kufungua faili la kundi maalumu mimi nisingemlipa mtu hata senti. Mumeo anaweza kuwa mwakilishi wa mzee kwa barua tu ya mzee.

Kingine, kadi ya matibabu ikishatoka mtaanza kupigiwa simu na makampuni ya wauguzi wa nyumbani, wengine watakuja na keki mpaka mlangoni. Mpango huu kweli unalipia uuguzi wa nyumbani, na mtu wa oksijeni kama yeye anaweza kustahili, ila lazima daktari wake aagize na aeleze ni msaada gani, masaa mangapi, na kwa ugonjwa upi uliokubaliwa. Kama wewe una cheti cha uuguzi msaidizi uliza kituo cha msaada kama na wewe unaweza kulipwa kwa hiyo kazi unayoifanya sasa hivi bure. Uliza kabla ya kusaini na kampuni yoyote.

Kuhusu fidia ya jimbo, Washington nayo 2018 ilitunga sheria ya kuwarahisishia wafanyakazi wa Hanford, Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa 2022, jimbo likawa limeshatunga nyingine. Kama mzee aliwahi kulipwa na jimbo kwa ugonjwa huo huo semeni, kwa Sehemu E hela hiyo inapunguzwa, na kuficha ni kosa kubwa.

Sasa lile swali lako la mwisho, na naomba umsomee mumeo. Mzee akiondoka leo, mumeo kama mtoto anarithi haki ya Sehemu B, 150,000, hata kama ana miaka 50, kwa kuwa mama hayupo, na kama ana ndugu wanagawana sawa. Lakini Sehemu E haimtambui mtoto mtu mzima. Inamtambua mwenza, na mtoto ambae wakati mzazi anafariki alikua chini ya miaka 18, au chini ya 23 akiwa mwanafunzi wa muda wote, au hawezi kujitegemea kwa ulemavu. Mumeo hayumo. Ile hesabu yote ya mishahara na asilimia za mwili, mpaka robo milioni, iko hai kwa sababu mzee yuko hai. Wewe kama mkwe hutajwi popote.

Kwaiyo mpangilio wangu ni huu, barua ya kufungua faili na EE-1 ya kifua zitoke pamoja, kwenye bahasha muandike ana hali mbaya anatumia oksijeni, maana wagonjwa mahututi mafaili yao yanaharakishwa kama daktari atathibitisha. Alafu siku hiyo hiyo ombeni kwa maandishi mishahara na uharibifu wa mwili, msisubiri kualikwa.

Itakuja barua ya mapendekezo kwanza, ina siku 60 za kupinga, ndo ifuate ya uamuzi wa mwisho. Kwenye mapendekezo kuna karatasi ya kuachia haki ya kupinga ili hela itoke haraka. Isomeni vizuri kabla ya kusaini, kwa sababu mara nyingine wanakubali kansa wanakataa kifua kwenye barua moja, na karatasi hiyo ina sehemu mbili, mnaweza kuachia upande uliokubaliwa peke yake na kupinga uliokataliwa. Fomu ya malipo inayofuata anasaini mzee mwenyewe, kwaiyo kama mikono au kumbukumbu zimeanza kuyumba, hati ya kumpa mumeo mamlaka ya kisheria ya kusaini kwa niaba yake itengenezeni sasa hivi akiwa bado anajielewa.